Jiko la zamani la nyumba ya shamba, fedha kidogo: tuanzie wapi?

*Swali: Mimi na mume wangu tumehamia nyumba ya shamba iliyojengwa na babu yake. Kuta ni nene, za mawe. Jiko ni kubwa sana lakini lina giza, na kupika humo kunachosha. Makabati ni ya mbao tupu, yalipakwa rangi ya krimu zamani na sasa yananata ukiyagusa. Ukuta wa nyuma ya sinki unabanduka rangi kila baada ya miezi michache na kutoa unga mweupe. Tumeshaupaka mara tatu. Kaunta ni ya mbao, ina madoa meusi karibu na bomba. Sakafu ya saruji ina nyufa. Fundi mmoja alitushauri tung'oe kila kitu, tupige lipu ya saruji ukuta mzima na kununua makabati mapya. Fedha hiyo hatuna. Mtandaoni naona watu wanapaka makabati yao kwa siku mbili na yanang'aa. Mume wangu anataka kuvunja ukuta kati ya jiko na stoo ili mwanga uingie, mimi natamani sinki kubwa jeupe la kizamani. Tuna mtoto wa miaka miwili. Tuanzie wapi?*

Dada yangu, nimelisoma swali lako mara mbili. Mara ya kwanza nilisikia uchovu wako. Mara ya pili nilihesabu kazi zilizomo, nikaona kwamba nyingi zinadai mikono na subira kuliko fedha. Kama nimekuelewa, mbele yako unaona njia mbili tu: ya fundi, yaani kung'oa vyote, na ya picha za mtandaoni, yaani kopo la rangi na siku mbili. Njia zote mbili zinaanza na kile kinachoonekana kwa macho. Jiko lako, kwa jinsi ulivyolieleza, linasumbuliwa na maji ukutani, mafuta kwenye mbao, na mpangilio wa mwanga na vifaa. Ukivishughulikia hivyo kwanza, rangi itakuwa kazi ya mwisho na ya gharama ndogo. Ukianza na rangi, utaupaka ukuta ule mara ya nne.

Tuanze na ukuta, maana hapo ndipo fedha zenu zimekuwa zikipotea. Ule unga mweupe ni chumvi. Maji yanapopita ndani ya mawe na lipu huyeyusha chumvi zilizomo na kuzibeba. Yakifika usoni mwa ukuta yanageuka mvuke na kuondoka, chumvi zinabaki. Zinapojikusanya na kuwa chembe ngumu nyuma ya rangi, zinaisukuma mpaka inabanduka. Kwa hiyo rangi mlizonunua huenda zilikuwa nzuri kabisa, na hakuna rangi nyingine ghali zaidi itakayoshinda nguvu hiyo. Suala ni kujua maji yanatoka wapi.

Kwa ukuta wa nyuma ya sinki kuna uwezekano wa aina nne: bomba linalovuja polepole, gata ya paa inayomwagia maji ukuta huohuo kwa nje, udongo wa nje uliopanda juu kuliko sakafu ya ndani, na mvuke wa kupikia unaogeuka maji kwenye jiwe baridi. Mara nyingi ni mawili kwa pamoja. Kuchunguza hakugharimu kitu. Jioni moja, watu wakishamaliza kutumia maji, funga koki zote na usome mita. Kama mnatumia tangi, weka alama kwenye kiwango cha maji. Angalia tena asubuhi. Kama tarakimu zimesogea au maji yameshuka, ita fundi bomba kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Kisha chukua kipande cha foili ya jikoni chenye ukubwa wa karatasi ya kuandikia, ukibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne ili hewa isipite, na ukiache siku mbili. Kama selotepu haishiki, sugua unga kwanza kwa brashi kavu. Foili ikilowa upande wa chumbani, maji yanatoka hewani, yaani ni mvuke wenu wenyewe. Ikilowa upande wa nyuma, maji yamo ndani ya ukuta. Bandika vipande viwili, kimoja karibu na sakafu na kingine usawa wa kifua, kwa sababu majibu yanaweza kutofautiana.

Baadaye toka nje mvua ikinyesha. Nasisitiza wakati wa mvua, kwa sababu kwenye jua kila gata huonekana nzima. Simama uangalie maji yanapodondokea. Kisha pima udongo: kwa nje uwe chini ya sakafu ya ndani kwa angalau sentimita 15. Katika nyumba za shamba udongo hupanda mwaka hadi mwaka bila mtu kuona. Vitanda vya maua vinasogezwa karibu, kifusi kinamwagwa hapo, mtu anatengeneza njia ya saruji iliyogusana na ukuta. Nimeona kuta zilizokauka kwa jembe na toroli tu, wenye nyumba wakiwa wameshatumia fedha nyingi kwa dawa za kupaka.

Sasa kuhusu lipu ya saruji. Fundi wako hana nia mbaya. Kwa nyumba ya matofali ya saruji ushauri wake ungekuwa wa kawaida. Lakini kuta nene za mawe za zamani kwa kawaida zilijengwa kwa chokaa au udongo, na zilikusudiwa kulowa kidogo na kukauka, kulowa na kukauka. Chokaa hupitisha mvuke. Saruji ngumu hupitisha kidogo sana. Ukifunika ukuta kama huo kwa saruji, maji hayakomi kuingia, yanakosa mahali pa kutokea. Hupanda juu ya kiwango cha lipu mpya au kutokea upande wa pili, na baada ya muda lipu yenyewe hujitenga na mawe. Gonga ukuta ambao tayari una saruji: ukisikia sauti ya kitu kitupu ndani, imeshajitenga.

Kwa hiyo dawa ni kuziba chanzo cha maji, kuondoa rangi iliyolegea na lipu iliyooza, kusugua chumvi kwa brashi kavu, kisha kuuacha ukuta ukauke. Usiuoshe kwa maji, kwa sababu chumvi itayeyuka na kurudi ndani. Ukuta mnene wa mawe hukauka kwa miezi, si kwa wiki, na hili ndilo linalowashinda wengi. Ukishakauka, ziba kwa lipu ya chokaa na upake chokaa ya maji. Chokaa ya maji ni nafuu kuliko rangi nyingi, na huwa ngumu kwa kunyonya hewa ya kaboni dioksidi na kurudia asili yake ya jiwe. Ina masharti mawili. Haishiki juu ya rangi ya plastiki, kwa hiyo ile ya zamani lazima itoke. Tena chokaa inachoma: vaa miwani ya kukinga macho na glavu, na mtoto asiwe karibu kabisa. Nyuma ya sinki penyewe, ambapo maji yanaruka kila siku, weka mistari miwili au mitatu ya vigae na uache sehemu ya juu ipumue.

Kama foili itaonyesha mvuke, kazi ni nyepesi zaidi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 20 inaweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke. Ikipoa hadi nyuzi 10 inabeba takriban 9 tu. Gramu 8 zilizobaki lazima zitue mahali, na zinatua kwenye kitu baridi kuliko vyote, ambacho ni ukuta wako. Funika sufuria, fungua dirisha wakati wa kupika na kwa muda baada ya hapo, na ikiwezekana weka feni ya kutoa hewa nje. Feni inayozungusha hewa humo humo chumbani inapunguza mafuta tu. Mvuke wote unarudi.

Makabati. Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu umeyataja kama mzigo na kwangu ndiyo mali ya hilo jiko. Makabati mengi ya bei nafuu yanayouzwa sasa ni ya chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na maji yakiingia ukingoni yanavimba na hayarudi. Mbao tupu inaweza kukwanguliwa, kuzibwa, kupigwa randa na kupakwa upya mara nyingi. Fungua kila kabati, tazama viungo vya pembeni, bonyeza mbao za chini kwa ncha ya bisibisi. Mahali bisibisi inapozama kirahisi pameoza na panahitaji mbao mpya. Kwingine kote, using'oe.

Kunata unakokusikia ni mafuta ya kupikia yaliyopanda na mvuke, yakatua, yakakaa miaka mingi hadi yakawa kama gundi. Hapo ndipo zile video za siku mbili zinapokudanganya. Rangi hushika kwa kukumbatia uso ulioko chini yake, na ukiwa na utando wa mafuta, rangi inakumbatia mafuta badala ya mbao. Itapendeza kwa miezi kadhaa, kisha itaanza kubanduka kuzunguka vishikio, pale vidole vinapogusa. Mwanzoni mwa kazi yangu nilipaka jiko la mteja hivyo, kwa haraka aliyoniomba, na nililazimika kurudi kukwangua milango yote kwa gharama yangu. Tangu hapo, kati ya siku zote za kazi ya makabati, kuosha na msasa huchukua zaidi ya nusu.

Lakini kabla ya msasa kuna jambo linalonitia hofu kuliko yote katika swali lako, na umelitaja mwishoni kabisa: mtoto wa miaka miwili. Rangi za zamani, hasa za mafuta, mara nyingi zilitiwa madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978. Katika nchi nyingi marufuku ilikuja baadaye. Vumbi la risasi likiingia mwilini mwa mtoto huharibu ukuaji wa ubongo, hata kwa kiasi kidogo, na watoto wa umri huo huweka mikono mdomoni mchana kutwa. Kwa hiyo, kabla ya kupiga msasa mahali popote, pima rangi. Vipo vifaa rahisi vya kupimia vinavyobadilika rangi, ila vinaweza kukosea. Uhakika zaidi unapatikana kwa kupeleka kipande cha rangi, chenye tabaka zote hadi kwenye mbao, kikapimwe maabara.

Ikiwa risasi imo, usipige msasa mkavu, usichome kwa moto, na usitumie mashine ya msasa. Rangi ikiwa bado imeshika vizuri, mara nyingi njia salama ni kuiosha, kuipaka praima, yaani rangi ya kwanza ya msingi, inayoshika juu ya uso mgumu, na kuifunika. Ikiwa inabanduka, hiyo si kazi ya kufanya nyumbani na mtoto. Tafuta mtu mwenye ujuzi wa risasi, na mtoto alale kwingine mpaka usafi uishe. Kama wewe ni mjamzito, nawe pia. Na kama rangi imekuwa ikidondoka sakafuni muda wote huu, mpelekeni kliniki apimwe damu, msingoje kazi ianze.

Tuchukulie vipimo vimetoka safi. Ng'oa milango na droo, na kila mlango uupe namba kwenye sehemu inayofichwa na bawaba, ukiandika namba hiyohiyo ndani ya kabati lake. Milango iliyotengenezwa kwa mkono haifanani hata kama inaonekana kufanana, na ukiichanganya hakuna utakaofunga sawa. Osha kwa maji ya moto yenye soda ya kufulia, ukivaa glavu. Soda hugeuza mafuta kuwa aina ya sabuni, ndiyo maana yanaachia. Anza chini ukipanda juu, ili maji machafu yasichore michirizi kwenye mbao kavu. Suuza kwa maji safi, rudia tena. Kisha nyunyiza matone ya maji: yakijikunja kama shanga, mafuta bado yapo, yakitandaa, umemaliza.

Zikikauka, pita msasa namba 120 au 150, si ili kuondoa rangi yote bali kuua mng'ao na kuacha mikwaruzo midogo ya rangi kushika. Futa vumbi. Paka praima. Kwenye macho ya mbao, yale mabaka meusi ya tawi, gusia praima ya shelaki, la sivyo utomvu utapenya kila tabaka na kuacha duara la njano. Baadaye rangi mara mbili, nyembamba, ukipitisha msasa namba 220 katikati. Tabaka moja nene hukauka juu na kubaki laini ndani, kama uji ulioshika ngozi. Na zile pengo ndogo kati ya fremu ya mlango na ubao wa katikati usizizibe kwa silikoni wala gundi. Ubao ule unatanuka na kunywea kufuata unyevu wa hewa, na aliyeutengeneza aliuacha huru makusudi.

Utaniuliza rangi gani. Rangi ya mafuta ni ngumu na inastahimili maji, lakini nyeupe yake hugeuka njano, hasa mahali penye giza. Huenda hiyo krimu yenu iliwahi kuwa nyeupe. Rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao na makabati haigeuki njano na haina harufu kali, jambo la maana mkiishi humohumo, na mimi ningechagua hiyo. Rangi zinazotangazwa kwamba hazihitaji msasa, zile za chaki zinazomaliziwa kwa nta, zinapendeza kwenye kabati la nguo. Jikoni nta hulainika kwa joto na kuvuta mafuta, kwa hiyo ziache.

Jambo la mwisho hapa: kukauka na kukomaa ni vitu viwili. Rangi ya maji inakauka kwa saa chache, lakini huchukua kama wiki tatu au nne kufikia ugumu wake. Katika muda huo futa kwa kitambaa laini tu, na usibane milango. Watu wengi wanaolaumu rangi waliiosha kwa sabuni kali siku ya tatu.

Kuhusu vishikio, ukitaka vipya pima kwanza umbali kati ya matundu mawili ya skrubu, kutoka katikati hadi katikati. Milimita 96 na 128 ni vipimo vya kawaida madukani. Ukipata vinavyolingana, unabadilisha sura ya jiko kwa saa moja na bisibisi. Visipolingana, ziba matundu kwa puti kabla ya kupaka rangi, si baada.

Sasa hilo la kuchoka, ambalo umeligusa kwa neno moja. Mwaka 1926 msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, Ujerumani, takriban mita 1.9 kwa 3.4, akihesabu hatua za mpishi ili kila kitu kiwe karibu na mkono. Takriban majiko 10,000 ya aina hiyo yalijengwa. Tatizo la jiko la shamba ni kinyume chake. Nafasi ni kubwa, sinki liko ukuta mmoja, jiko la kupikia ukuta wa pili, chakula kiko stoo, na mtu anatembea mchana kutwa akibeba sufuria ya moto. Katika miaka ya 1940 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walipendekeza kipimo ambacho bado kinatumika: unganisha sinki, mahali pa moto na mahali pa kuhifadhi chakula kwa mistari mitatu, na jumla ya mistari hiyo iwe kati ya mita 4 na 8 hivi. Pima umbali wako kwa futi kamba. Ukizidi, usihamishe mabomba. Hilo ndilo ghali. Sogeza meza imara katikati, uache angalau mita moja ya kupita kila upande, iwe kituo cha kukatia na kutua vyombo. Visu, vibao na chumvi vihamie hapo. Meza iwe chini ya kiwiko chako kwa sentimita 10 hadi 15 ukisimama wima. Kama ni fupi, ongezea miguu vipande vya mbao. Mgongo wako utajua tofauti siku hiyohiyo.

Giza nalo, kabla ya kuvunja ukuta, chunguza kwanza taa iko wapi. Majiko mengi ya zamani yana taa moja katikati ya dari. Ukisimama kwenye kaunta, taa iko mgongoni na kivuli chako kinaangukia kisu. Taa ndefu za LED chini ya rafu au makabati ya juu, zikiwekwa upande wa mbele na si nyuma ukutani, zinaondoa kivuli hicho kwa umeme kidogo. Chagua za kelvini 2700 hadi 3000 kama unapenda mwanga wa joto, au 4000 kwa mwanga mweupe, lakini zote ziwe namba moja. Paka dari nyeupe isiyong'aa, osha madirisha ndani na nje, kata matawi yanayoyafunika. Baada ya hayo kaeni mwezi mmoja, kisha mzungumze tena kuhusu ukuta.

Na kuhusu ukuta huo wa stoo, mwambie shemeji yangu aweke nyundo chini kwanza. Katika nyumba ya mawe, ukuta wa katikati mara nyingi ndio unaobeba dari au paa, na huwezi kujua kwa kuugonga. Ni lazima mhandisi wa majengo aje auone, apande darini, aangalie boriti zinapolala. Ada ya ziara moja ni ndogo ukilinganisha na paa lililolegea. Pengine atawaambia inawezekana kufungua dirisha la ndani lenye linta imara, yaani boriti inayobeba ukuta juu ya uwazi, nanyi mkapata mwanga bila kuvunja ukuta wote. Kama dari au sakafu ya stoo ina mabati ya asbesto au vigae vya zamani msivyovifahamu, msivikate wala kuvivunja. Asbesto ikitulia haidhuru sana, ikivunjwa nyuzi zake hukaa mapafuni.

Kaunta inaokoleka. Madoa meusi karibu na bomba hutokana na maji na chuma kukutana na asili ya mbao yenyewe. Zuia kwanza maji yanayochuruzika kwenye shina la bomba, acha mbao ikauke, kisha piga msasa. Yakibaki, asidi ya oksaliki inayouzwa kwa kusafishia mbao huyafifisha, lakini ni sumu, kwa hiyo fuata maelezo ya pakiti na suuza sana. Malizia kwa mafuta ya kitani, tabaka nyembamba kadhaa. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo usivikunje na kuvitupa kapuni: vinapokauka hutoa joto, na vikirundikana vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Sakafu, kwa sasa iacheni. Kwenye ncha za kila ufa chora mstari wa penseli na uandike tarehe. Nyufa nyembamba zisizosogea hujazwa na kusahaulika. Ufa unaorefuka, au ambao upande mmoja umekuwa juu ya mwingine, muonyesheni mhandisi siku atakayokuja kwa ajili ya ukuta. Mkitaka kuipaka rangi baadaye, bandikeni kwanza nailoni ya sentimita 45 kila upande kwa saa 16 au zaidi. Ikiwa na umande chini yake, rangi haitakaa.

Nimelibakiza sinki kwa sababu najua unalitaka. Ni zuri, na sitakwambia ulisahau. Ila sinki la namna hiyo la udongo wa kuchomwa linaweza kuzidi kilo 40 likiwa tupu, na kila lita ya maji inaongeza kilo moja, kwa hiyo linahitaji fremu yake iliyoshika sakafuni. Linadai kaunta ikatwe na bomba lihamishwe. Tena liko mbele ya ukuta ambao bado umelowa. Ukilifunga sasa, utalifungua tena ukuta ukihitaji kazi. Liweke mwaka ujao, na ukitafuta la mtumba lijaze maji kabla ya kulipa, uangalie nyufa nyembamba kwenye mdomo wa kutolea maji.

Fedha mliyonayo igawanyeni hivi: fungu la kwanza na kubwa liende kwa watu msioweza kuwa badala yao, yaani fundi bomba kama kuna uvujaji, fundi umeme aliyesajiliwa kwa taa na soketi za karibu na maji, fundi wa gesi kama jiko litasogezwa, na ziara ya mhandisi. Fungu la pili ni gata, chokaa na vigae vichache. Rangi, praima, msasa na vishikio vitachukua kidogo kuliko unavyodhani. Msinunue vyote siku moja. Ukuta unahitaji miezi yake, na mnaweza kufanya makabati kwa zamu, matatu kwa wakati, mkiendelea kupika.

Wakati ukuta unakauka, na vipimo vya risasi vikishatoka safi, chagua mlango mmoja, ule wa kona ambao hakuna anayeuona. Uoshe, upige msasa, upake praima na tabaka mbili za rangi uliyoipenda, urudishe mahali pake na uutumie kama kawaida. Baada ya wiki nne ukwaruze kwa kucha karibu na kishikio, kwa nguvu. Rangi ikiachia, kuna mafuta yaliyobaki. Rudi kwenye soda. Ikigoma kutoka, ng'oa mlango wa pili.